Je, wajua kwa nini "usiogope" haimsaidii mama anayekwenda kupasuliwa kizazi?

Hofu haikai kichwani tu. Inamwaga adrenalini mwilini: moyo unakwenda mbio, presha inapanda, misuli inakaza. Mama aliyeingia na hofu nyingi mara nyingi ndiye anayeumia zaidi akishatoka. Bukavu, mji wa mashariki mwa Kongo (DRC), hili si geni. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, ina akina mama wa kumsindikiza mgonjwa, wanaoitwa "maman chérie".

Ninyi mnaomwandaa mgonjwa, kinachopunguza hofu ni kumweleza mapema yale atakayoyasikia mwilini. Chukua sindano ya ganzi ya mgongoni. Ataketi ameinama, mgongo umepinda kama wa mtu anayechambua maharage. Miguu itapata joto, kisha uzito, kisha itakataa kutii. Atakuwa macho, atasikia vyuma vikigongana na tumbo likivutwavutwa bila maumivu; huenda akatetemeka. Asiyeambiwa huamini amepooza. Aliyeambiwa husubiri tu: kwa kawaida baada ya saa 2 hadi 4 vidole vya miguu vinaanza kucheza.

Maswali mazito hayatoki mbele ya mume wala mama mkwe, basi zungumzeni kando. Anayetolewa kizazi mwambieni wazi, kabla hajatia sahihi: hedhi itakoma, mimba haitakuwapo tena. Msilifiche hilo katikati ya habari njema. Halafu ajue kwamba ovari (vifuko vya mayai) zikiachwa, homoni zinaendelea, na tendo la ndoa linarudi baada ya wiki 6 hadi 8 hivi, daktari akishaona kidonda kimefunga.

Mama wa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke linalovujisha mkojo, ana hofu yake. Akiamka na mpira wa mkojo, yeye aliyevuja miaka, hudhani upasuaji umeshindikana. Ajue mapema kwamba mpira unapumzisha kibofu, kwa kawaida siku 7 hadi 14, na kwamba ana kazi: anywe maji mpaka mkojo ufanane nayo, asiulalie mpira. Mfuko ukiacha kujaa au shuka likilowa, amwite muuguzi papo hapo, hata saa nane za usiku, maana mpira ulioziba hujaza kibofu na kuvuta mshono. Kupona msimwahidi, wengine hurudi kupasuliwa mara ya pili.

Mwishoni msimuulize "umeelewa?" Atajibu ndiyo kwa heshima tu. Mwambieni asimulie siku yake ya upasuaji kwa maneno yake, kwa Kiswahili au Mashi, lugha ya Washi wa huko Bukavu. Sehemu atakayoiruka ndiyo ya kurudia.