Si kila jimbo la watumwa liliasi

Wengi tumezoea kuisikia hivi: katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865), majimbo yenye watumwa yalijitenga, yasiyo nao yakabaki na Rais Abraham Lincoln. Sivyo. Delaware, Maryland, Kentucky na Missouri yaliruhusu utumwa, na hayakujitenga.

Delaware ilikuwa na watumwa wasiofika 1,800, lakini hata hao ilikataa kuwaachia kwa fidia ambayo Lincoln alipendekeza. Kentucky ndiyo iliyomnyima usingizi: watumwa zaidi ya 225,000, na Mto Ohio, mpaka wake na majimbo ya kaskazini.

Ndiyo maana Tangazo la Ukombozi la Januari 1, 1863, lililotangaza uhuru wa watumwa, halikuyagusa majimbo hayo. Lincoln alilitoa kama amiri jeshi mkuu, dhidi ya maeneo yaliyoasi. Kwa majimbo tiifu mamlaka hayo hayakufika, na isitoshe alihofia kuyasukuma kwa adui.

Maryland ilifuta utumwa yenyewe Novemba 1864, Missouri Januari 1865. Kentucky iling'ang'ania. Huko maelfu ya wanaume weusi waliupata uhuru kwa kujiandikisha jeshini, na Machi 1865 Bunge likawakomboa wake na watoto wao pia. Waliobaki walisubiri Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyofuta utumwa nchi nzima, Desemba 1865. Yaani uhuru ulipotangazwa Galveston, Texas, Juni 19 mwaka huo, siku inayosherehekewa hadi leo, Kentucky bado kulikuwa na watu waliomilikiwa kisheria. Jimbo hilo liliridhia marekebisho hayo mwaka 1976, na hapo sijakosea tarakimu.