Damu ya haja kubwa iliyotoka ikakoma: dhana potofu na ukweli

“Ilitoka mara moja, ikaacha yenyewe. Basi imekwisha.”

Kukoma kwa damu hakuonyeshi kwamba chanzo chake kimeondoka. Bawasiri huvuja siku mbili tatu, kisha zikanyamaza miezi kadhaa. Polipu, yaani kinyama kinachoota kwenye ukuta wa utumbo mpana, na saratani yenyewe pia, huvuja kwa vipindi. Kwa hiyo miezi sita bila damu si majibu ya kipimo, ingawa si sababu ya kukesha pia: damu kidogo kwenye karatasi mara nyingi hutokana na bawasiri au mpasuko mdogo kwenye njia ya haja kubwa. Tatizo ni kujipa jibu hilo kabla hujapimwa.

“Nyekundu ni bawasiri, nyeusi ndiyo ya kuogopwa.”

Rangi hueleza zaidi damu imetoka umbali gani na imepita kwa kasi gani. Ikiwa nyekundu angavu, juu ya kinyesi au kwenye karatasi, chanzo huwa karibu na njia ya kutokea. Lakini saratani ya rektamu (sehemu ya mwisho ya utumbo mpana) iko hapohapo, na damu yake ni nyekundu vilevile. Damu iliyokoza na kuchanganyika na kinyesi huwa imetoka juu zaidi. Choo cheusi kama lami, kinachonata na kunuka vikali, kwa kawaida ni damu iliyomeng’enywa kutoka tumboni au mwanzoni mwa utumbo mwembamba; hapo nenda hospitali siku hiyohiyo. Vidonge vya madini ya chuma navyo hukifanya choo kiwe cheusi, ila hakinati. Bitiruti hukitia wekundu.

Maumivu nayo yanapotosha watu. Mpasuko huuma kama umekatwa na wembe wakati wa kujisaidia, na uchungu unaweza kuendelea kwa saa nzima au zaidi. Bawasiri za ndani hazina uchungu kwa kawaida, na saratani ya mwanzo pia haina. “Haikuniuma” haipaswi kumtuliza mtu.

“Damu haipo tena, daktari atakuta nini?”

Mengi. Ataanza na maswali, na hapo kumbukumbu yako ina kazi kuliko mashine. Andika mapema: tarehe, rangi, kiasi (matone, kijiko, au mabonge), ilikuwa juu ya kinyesi au ndani yake, choo kilikuwa kigumu au cha kuhara, na dawa ulizokuwa ukitumia, hasa aspirini, diklofenaki, ibuprofeni na dawa za kuzuia damu kuganda. Dawa hizi zinaweza kufanya kidonda kilichokuwa kimya kivuje, kwa hiyo “ni dawa tu” halitoshi kuwa jibu. Usiache ya kuzuia kuganda bila idhini ya daktari. Kiharusi kinachoweza kufuata ukiiacha ni kibaya kuliko matone hayo.

Kisha utalala ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa, akupime kwa kidole kilichovaa glavu. Ni kama dakika moja tu. Bawasiri za ndani ni laini na kidole huzikosa kirahisi, ndiyo maana huingiza pia kibomba kifupi chenye taa. Kipimo cha wingi wa damu na akiba ya madini ya chuma kitaonyesha kama umekuwa ukivuja taratibu bila kujua.

Kuna pia kipimo cha kinyesi kinachosaka himoglobini (protini ya damu) ya binadamu. Kinyesi kipokelewe kabla hakijagusa maji ya choo. Nyama uliyokula haikiathiri, tofauti na vipimo vya zamani. Udhaifu wake ni huu: kinapima sampuli ya siku hiyo. Polipu isiyovuja leo haitaonekana, hivyo dalili zikiendelea, majibu safi hayafungi faili.

“Mimi ni kijana mno.”

Marekani, mwaka 2021, jopo la taifa la huduma za kinga lilishusha umri wa kuanza uchunguzi wa saratani ya utumbo mpana kutoka miaka 50 hadi 45. Lakini umri huo ni wa wasio na dalili. Aliyetoka damu haingii kwenye foleni hiyo kabisa. Anatafutiwa chanzo, awe na umri wowote. Haraka zaidi ikiwa mzazi au ndugu wa tumbo moja aliugua saratani ya utumbo, uzito unashuka bila sababu, au mpangilio wa choo umebadilika kwa wiki kadhaa. Damu nyingi, mabonge, kizunguzungu au moyo kwenda mbio ni dharura.

“Nimechelewa, bora nisijue.”

Polipu nyingi hazigeuki saratani, na zinazogeuka kwa kawaida huchukua miaka, mara nyingi kama 10. Kolonoskopi, yaani kipimo cha kamera ndani ya utumbo mpana, huikuta polipu na kuitoa papo hapo. Kinachoharibu kipimo hicho ni maandalizi: watu hunywa nusu ya dawa ya kuharisha na kuacha nusu ya pili, inayoanza kunywewa muda wa saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo, kwa sababu wanadhani wameshakuwa safi. Kinachotoka kiwe maji ya manjano yanayopenya mwanga. Kikiwa kahawia, polipu ndogo zitafichika. Vidonge vya chuma huachwa takriban siku 7 kabla. Ukipewa majibu, uliza mambo mawili: kamera ilifika mwanzo wa utumbo mpana, na utumbo ulikuwa safi kiasi gani? Kama jibu la lolote kati ya hayo si zuri, “hatukuona kitu” ina uzito mdogo, na unaweza kuhitaji kurudia.