Je, wajua kwa nini unaweza kukimbia kila asubuhi na kilo zikatae kushuka?

Hapa Nakuru siku hizi ukitoka alfajiri barabara za Milimani na Section 58 zina watu wa kukimbia kweli kweli, wikendi wengine wanapanda Menengai, na ukiongea nao baada ya miezi miwili mitatu utasikia wimbo ni mmoja: nakimbia, natoka jasho, lakini kilo ni zile zile. Alafu kuna yule jirani mwembamba anakula chapo nne na madondo na hanoni, basi watu wanamalizia ati yeye umetaboli wake uko mbio, wangu umelala. Nataka tuongee haya mambo pole pole juu nimeona watu wakijichukia bure na wengine wakimaliza pesa kwa chai za kukonda zinazouzwa mtaani.

Umetaboli ni ile kazi yote inayofanyika ndani ya seli za mwili kugeuza chakula kuwa nguvu na kujenga na kukarabati mwili, na haisimami hata dakika moja. Hata ukilala fofofo moyo unapiga, figo zinachuja, ini linafanya kazi, na ubongo ambao ni kama asilimia 2 tu ya uzito wako unakula karibu asilimia 20 ya nguvu unayotumia ukiwa umetulia. Kwa watu wengi hii kazi ya kukaa tu hai inachukua kama asilimia 60 hadi 70 ya kalori zote za siku. Kusaga chakula kunachukua kama 10. Inayobaki ndio ya kutembea, kufua, kubeba maji, kusimama dukani, pamoja na hayo mazoezi yenyewe.

Sasa piga hesabu. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 5 anachoma kama kalori 350 hivi. Chapo mbili zilizopikwa na mafuta ya kutosha zinarudisha hiyo yote kabla hajamaliza chai. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kama kalori 7,700, kwa hivyo hata asipoongeza tonge moja anahitaji kukimbia hivyo kama mara 22 ndio kilo moja iende, na ukweli ni kwamba wengi wetu tukishakimbia njaa inauma zaidi na pia tunajipa ruhusa, si nimefanya mazoezi leo, wacha niongeze mandazi.

Lakini hata huyo asiyeongeza mandazi bado anapata kilo hazishuki venye alitarajia, na hapa ndio penye utamu wa hii stori. Pale Tanzania karibu na Ziwa Eyasi kuna Wahadza, watu ambao wengi wao bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake walipima nguvu wanayotumia kwa kuwapa maji yenye atomi maalum ambazo baadaye hupimwa kwa mkojo, njia ambayo inaonyesha kalori halisi za siku nyingi bila kubahatisha. Wanaume wa Kihadza walikuwa wanatembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake kama 6, kwa hivyo kila mtu angetarajia wanachoma kalori nyingi kuliko mtu wa ofisini Marekani. Majibu yalitoka mwaka wa 2012 na kumbe, ukishazingatia ukubwa wa mwili, jumla ya kalori za siku ni karibu sawa! Maelezo ambayo Pontzer anatoa ni kwamba mwili una bajeti kama mtu wa mshahara, ukitumia nyingi kwa miguu unabana kwingine, unapunguza zile shughuli za ndani na hata baadaye unakaa zaidi bila kujua. Haibani yote, la, mazoezi bado yanaongeza kitu, ila ile hesabu ya saa ya mkononi inayokuambia umechoma 600 usiichukulie kama pesa iko benki.

Na yule jirani mwembamba? Kwanza mtu mwenye mwili mkubwa kwa kawaida anachoma kalori nyingi zaidi kwa siku kuliko mwembamba, juu ana mwili mwingi wa kulisha, kwa hivyo ile habari ya umetaboli kulala mara nyingi si kweli. Kitu kingine, mwaka wa 1999 mtafiti James Levine na wenzake kule Mayo Clinic, hospitali kubwa ya Marekani, waliwapa watu 16 kalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki nane, na wengine waliongeza mafuta kidogo sana, chini ya nusu kilo, wengine zaidi ya kilo 4. Tofauti kubwa ilikuwa ni mijongeo midogo midogo, kusimama, kuzunguka zunguka, kutotulia kitini. Jirani wako pengine ndiye yule hakai chini, na pia wewe umemwona siku ya chapo nne, haujaona siku anasahau lunch.

Kuna ile ya ati ukifika 40 umetaboli unaanguka. Utafiti mkubwa wa mwaka wa 2021 wa watu zaidi ya 6,400, kuanzia watoto wachanga hadi wazee wa miaka 95, ulionyesha kwamba kuanzia miaka 20 hadi 60 unakaa pale pale, baada ya 60 ndio unapungua pole pole, chini ya asilimia 1 kwa mwaka. Kwa hivyo kitambi cha miaka 38 mi naona tuulize mambo mengine, gari, boda hadi mlangoni, kazi ya kukaa, soda, pombe ya wikendi, usingizi wa saa tano.

Kitu ningeomba watu waache ni kujinyima kwa fujo. Washiriki 14 wa shindano moja la kupunguza uzito kwa runinga Marekani walipimwa miaka sita baadaye, miili yao ikiwa imetulia ilikuwa inachoma kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa, na wengi kilo zilikuwa zimerudi. Mafuta yakipungua homoni inayoitwa leptini pia inashuka, ubongo unasoma hiyo kama njaa imeingia nchini na unakusukuma ule. Si ati huna msimamo. Punguza kidogo kidogo, weka omena, mayai, ndengu, madondo kwa sahani juu protini inakushibisha na robo hivi ya kalori zake inaishia kwa kuisaga tu, alafu beba vitu vizito mara kadhaa kwa wiki ndio usipoteze misuli ukikonda. Na kukimbia usiache kabisa, sukari, presha, moyo na usingizi vinafaidika hata kama mizani haijasonga, na waliokonda wakiendelea na mazoezi kilo hazirudi kwa urahisi.

Lakini kama unanona bila sababu, umechoka kila saa, unasikia baridi wenzako wakitoa jasho, choo ni kigumu, ama shingo imevimba, hapo nenda hospitali upimwe damu ya tezi ya thairoidi, ile iko mbele ya shingo, juu hiyo ikilegea inapunguza umetaboli kweli na ina dawa. Uliza pia kuhusu dawa unazomeza, kama steroidi, zingine zinaongeza uzito, ila usiziache bila daktari. Na zile tembe za thairoidi usimeze za mtu mwingine ndio ukonde, zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo.