Je, wajua kwa nini msitu wa Kakamega bado umesimama na Rosterman ikabaki na mashimo?

Ukitoka Kakamega mjini, huku magharibi mwa Kenya, ukapanda boda ya kwenda Rosterman utapita nyumba za kupanga, makanisa ya mabati, vijana wameinama na karai wakiosha mchanga, na mashimo, mashimo mengi sana. Hilo jina si la mzee yeyote wa huku, ni la kampuni ya wazungu iliyokuja kuchimba dhahabu na ikaacha jina likashika mtaa mzima. Sasa enda ule upande mwingine, pita Khayega, pita Shinyalu mpaka Isecheno, safari si ndefu, na unajikuta chini ya miti mikubwa mpaka jua lenyewe linapotea na unasikia tu mbega wakiruka huko juu. Watu wengi wananiuliza, na mimi mwenyewe nilijiuliza nikiwa mdogo: hizi sehemu mbili ziko jirani hivi, mbona moja ilichimbwa ikaachwa hivyo na nyingine ikabaki?

Tuanze na dhahabu. Ilionekana huku mwaka 1931, na kabla watu wetu hawajaelewa ni nini kinaendelea wazungu walikuwa wamejaa na mahema kando ya mito. Na hapa kuna kitu kinaniuma mpaka leo. Mwaka 1930 serikali ya mkoloni ilikuwa imetunga sheria ya kuahidi kwamba ardhi ya Mwafrika haitaguswa, na ikichukuliwa lazima apewe ardhi nyingine. Dhahabu ikapatikana, na mwaka 1932 hiyo hiyo serikali ikageuza sheria, ukihamishwa unapewa pesa tu, shamba usahau. Miaka miwili tu! Wazee wa huku hawakusahau, ndiyo maana ukisema serikali inataka kupima kitu, swali la kwanza ni inataka kuchukua nini.

Mgodi unakula miti. Lazima uweke nguzo chini ya ardhi udongo usianguke, lazima upate kuni za mitambo, kwa hivyo msitu ulianza kukatwa kwa ajili ya dhahabu. Ukipanda kilima cha Lirhanda, watu wanapendaga kwenda kuona msitu wote kutoka juu, utaonyeshwa handaki la zamani la kutafuta dhahabu, siku hizi wenyewe ni popo. Kwa hivyo usidhani wachimbaji hawakufika huko msituni. Walifika.

Mwezi wa pili 1933, katikati ya hiyo mbio ya dhahabu, mipaka ya msitu ikatangazwa rasmi, karibu kilomita 240 za mraba. Mimi siwapatii wakoloni sifa zote hapo, kwa sababu mbao ziliendelea kukatwa kwa vibali miaka mingi baadaye, na leo karibu nusu tu ya hilo eneo ndiyo bado msitu wa asili. Lakini ule mpaka ulisaidia, maana Rosterman haikuwa na mpaka wa kuizuia, walichimba mpaka 1952 wakafunga wakaenda, mashimo wakatuachia.

Mpaka peke yake nao haulindi kitu. Huku ni kati ya sehemu za mashambani zenye watu wengi sana Kenya, shamba ni dogo, watoto ni wengi, jikoni ni kuni. Askari wa msitu akilala, msumeno unaamka. Mwaka 1986 serikali ilianza kupanda mikanda ya majani chai pembeni mwa misitu ili watu wasisogee, ni ile Nyayo Tea Zones, na ikazuia mashamba kuingia ndani, lakini mtu anayetafuta kuni anapita katikati ya chai tu.

Kilichobadilisha mambo, kwa maoni yangu, ni majirani wenyewe. Mwaka 1995 vijana waliokuwa wakitembeza wageni Isecheno wakaanzisha KEEP, kikundi cha elimu ya mazingira, wakawa wanafundisha watoto wa shule kuhusu msitu wao. Mtoto akirudi nyumbani anamuuliza babake mbona unakata, hilo swali ni gumu kuliko la askari.

Halafu kuna mwonyi. Ni mmea fulani wa harufu kali, wa ukoo wa mrehani, wazee walikuwa wanautumia kwa mafua tangu zamani. Kikundi cha wakulima kinaitwa Muliru kikaanza kuupanda shambani badala ya kuufuata msituni. Unakata matawi, mmea unachipuka tena. Majani yanawekwa kwa tangi, mvuke unapita ndani yake unabeba mafuta, ukipoa mafuta yanaelea juu ya maji, yanakingwa, yanatengenezwa dawa ya kupaka inaitwa Naturub, ya kifua na ya kuumwa na mbu. Mwaka 2010 hao wakulima walishinda Equator Prize, tuzo ya Umoja wa Mataifa, watu wa Kakamega, na majani ya shambani! Mama aliye na pesa ya mwonyi hana haja ya kuchoma makaa usiku.

Na usisahau Mama Mutere, ule mti mkubwa pale Isecheno, wageni wote wanapelekwa kuusalimia. Gome la mutere ni dawa ya tumbo, na anayejua kulichukua anatoa kidogo upande mmoja tu, maana ukizungusha kisu mti mzima unakauka.

Sasa kuna mpango wa fensi ya stima kuzunguka msitu, na mjadala ni moto. Wanaounga mkono wanasema wezi wa miti watazuiwa, na ni kweli wezi wapo. Lakini upande unaosimamiwa na KFS, shirika la serikali la misitu, akina mama wanalipa wanaingia kuokota kuni kavu, wengine wanalisha ng'ombe, na Watiriki wana vichaka vyao vya jando. Kwa hivyo kwa mama mwenye mzigo wa kuni kichwani swali si fensi ndiyo ama hapana, anataka kujua mlango utawekwa wapi na ufunguo atabaki nao nani.