"Mwache Atoke, Paka ni wa Mtaa": Yasemwayo Mombasa na Yalivyo

Pita Kibokoni baada ya alasiri uhesabu paka. Mmoja kajilaza juu ya kiti cha pikipiki, wawili wako chini ya meza ya muuza samaki, mwengine kajikunja kwenye baraza ya watu kana kwamba yeye ndiye mlipa kodi. Ndiyo maana mtu akiokota mtoto wa paka, akamtia nyumbani, na siku ya tatu akauliza kama anaweza kumtoa nje, jibu la mtaa huwa moja: "Mwache atoke. Hawa si wote wako nje?"

Wako nje, ndiyo. Lakini hao unaowaona ni waliobaki. Paka jike huzaa watoto watatu, wanne, hata watano kwa uzao mmoja. Fuatilia uzao wa chini ya ngazi ya jirani kwa miezi miwili, ujionee wangapi wanafika. Aliyekanyagwa na tuktuk kafagiliwa alfajiri pamoja na taka. Aliyekufa kwa kuharisha kafia pembeni, hakuonekana na mtu. Hao hawaji barazani kutoa ushahidi. Nimefuga paka Mji wa Kale kwa miaka, na karibu kila kosa ninalolisikia juu ya kumtoa mtoto wa paka nje limeanzia hapo: watu wanawatazama waliopona na kuwasahau waliokufa.

"Ameshaacha ziwa, huyo ni mkubwa"

Kuacha ziwa ni jambo moja, kuwa na kinga ni jengine. Kinga aliyoinyonya kwa mama hupungua kidogo kidogo katika wiki hizo hizo anazoanza kula mwenyewe, na maadamu ipo, huizuia chanjo isishike sawasawa. Kwa hiyo chanjo haiwi sindano moja. Huanza wiki ya 6 hadi ya 8, ikarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka mtoto afikishe wiki 16. Chanjo hiyo humkinga na mafua ya paka na panlukopenia, ugonjwa wa virusi unaomtapisha na kumharisha mtoto wa paka hadi akaisha kwa siku chache. Virusi vyake hukaa hai sakafuni na mchangani kwa miezi, hata mwaka, na huingia nyumbani kwa soli za viatu. Basi hata yule asiyekanyaga nje anahitaji sindano.

Halafu kuna uzazi. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, wakati wewe bado unamwita mtoto, na mimba yenyewe huchukua kiasi cha siku 63 hadi 65. Dume asiyehasiwa naye huanza kufuata harufu, akaenda mbali, akapigana na mapaka shume. Kuna virusi vinavyovunja kinga ya mwili wa paka, na njia yao kubwa ni jeraha la kung'atwa katika ugomvi kama huo (binadamu hatuvipati). Najua kuhasi kuna mjadala wake kidini. Kauli za wanazuoni si moja, na hilo muulize sheikh unayemwamini. Upande wa daktari wa wanyama jibu ni jepesi: afungwe uzazi kwanza, kidonda kipone, ndipo mlango ufunguliwe. Ukijumlisha yote utafika miezi 5 au 6.

"Kumfungia paka ndani ni dhambi"

Bi jirani yangu aliniambia hivi akiwa mlangoni, mkono kiunoni: "Mwanangu, muogope Mungu, mfungulie kiumbe huyo." Nikamwambia, "Bibi, anakula mara nne kwa siku. Mimi mwenyewe mara mbili."

Hadithi anayoikusudia ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim: mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia hadi akafa. Lakini watu huisoma nusu. Maneno yenyewe yanasema hakumlisha wala kumnywesha alipomfungia, wala hakumwachia ajitafutie viumbe vya ardhini. Kosa ni kufunga mlango na kufunga sahani kwa pamoja. Mtoto wa paka mwenye maji, chakula, beseni la mchanga na mtu wa kucheza naye hamo katika kisa hicho. Wala paka hachafui nyumba kiibada. Iko hadithi nyengine, ya Abu Daud na Tirmidhi, kwamba paka si najisi, ni katika wanaotuzungukazunguka.

"Kichaa cha mbwa ni cha mbwa"

Jina limetupoteza. Paka naye hukipata, hasa kwa kung'atwa na mnyama mgonjwa, na akikipata humpa mtu kwa meno yake. Ni kweli kwamba binadamu wengi sana wanaokufa kwa ugonjwa huu wameng'atwa na mbwa, lakini dalili zikishatokea karibu hakuna anayepona, awe alipewa na nani. Sindano yake ni ya peke yake, kwa kawaida kuanzia wiki ya 12, kisha hurudiwa kwa ratiba ya daktari. Na paka wa mtaani akikuuma wewe, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usipake majivu wala pilipili.

"Paka ana roho saba, akianguka hutua kwa miguu"

Kugeuka hewani hugeuka kweli. Mgongo wake ni laini, na uwezo huo hukamilika akiwa na wiki 6 au 7 hivi. Ila kugeuka hakuifanyi sakafu ya mawe kuwa godoro.

Mwaka 1987 madaktari wawili wa wanyama wa New York walichapisha habari za paka 132 walioletwa kwao baada ya kuanguka kutoka magorofani. Katika waliotibiwa, asilimia 90 waliishi. Tangu hapo habari hiyo imetembea duniani kama hati ya roho saba. Tazama tena lile neno "walioletwa". Aliyekufa papo hapo njiani nani atamchukulia teksi kumpeleka kwa daktari? Ni yale yale ya barazani Kibokoni. Na hao waliopona walipona na vifua vilivyoumia, taya zilizopasuka na miguu iliyovunjika.

Roshani zetu za mbao ni nzuri kwa kupigwa picha, lakini nafasi kati ya nguzo na nguzo inampitisha mtoto wa paka bila hata kukunja masikio. Wavu wa kuku, misumari midogo, kazi ya asubuhi moja.

"Usimlishe sana, atashindwa kuwinda panya"

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu linamuua mtoto kwa njia mbili.

Kwanza, hamu ya kuwinda na njaa ni vitu viwili. Paka aliyeshiba huwinda vilevile. Mwenye njaa hula chochote. Pili, mtoto wa wiki 8 ana uzito wa robo tatu ya kilo, au pengine kilo kasoro kidogo, na panya wa pale Marikiti wengine wamefika nusu kilo na wana meno. Hapo nani anamwinda nani?

Kisha kuna yule kijana anayepita na kipaza sauti: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Pakiti zake nyingi hazina hata jina la sumu iliyomo. Panya akiila hafi palepale. Huanza kulegea, akatembea kama mlevi, na kwa mtoto wa paka hakuna windo tamu kama panya asiyekimbia. Ukimpeleka kwa daktari anatokwa na damu puani au anatetemeka, swali la kwanza utakaloulizwa ni amekula sumu gani. Kwa hiyo kabla ya siku ya kutoka, piga hodi kwa majirani wa nyumba zilizoungana na yako uulize nani ameweka dawa, na pakiti iko wapi. Usimnyweshe maziwa kwa nguvu ukidhani yanaua sumu; hayaiui, na yanaweza kumwingia mapafuni. Wala usimpe paracetamol hata akilia kwa maumivu. Ini la paka haliwezi kuivunja, na kidonge kimoja kinatosha kumuua.

"Kunguru hamli paka"

Mkubwa, hapana. Mtoto aliye peke yake uani, kunguru wa Mombasa humjia kwa kundi, wakamdonoa mkia na macho. Mara za mwanzo, kaa naye.

"Akipotea atarudi, paka wa nyumba haingwa"

Hafukuzwi, sawa, lakini lazima kwanza ajue nyumba ni ipi. Paka mzima hurudi kwa sababu ameshaipaka njia harufu yake, kona kwa kona. Mtoto hajapaka kitu. Mpe wiki 3 au 4 za ndani tangu alipofika, na katika siku hizo mfundishe mlio mmoja wa chakula: mimi hugonga bati la dagaa kwa kijiko. Asile bila kuusikia.

Siku yenyewe, chagua asubuhi kama saa tatu, watoto wako shule na mawe hayajashika moto. Asiwe amekula. Usimbebe kumweka nje. Fungua mlango, kaa kizingitini, aamue mwenyewe, na mlango ubaki wazi nyuma yake. Dakika kumi zinatosha, kisha gonga bati. Usimfunge uzi shingoni. Ukinasa kwenye msumari utamnyonga. Ukitaka ukanda, uwe ule unaofunguka wenyewe ukivutwa. Magharibi ikiingia awe ndani, maana usiku ni wa shume na wa madereva wasiotazama chini. Na wakati wa masika usianze kabisa. Mitaro ikijaa, haimbagui paka na chupa tupu.

Wangu wa mwisho, jike la rangi ya tangawizi, siku ya kwanza alikaa kizingitini dakika saba. Akainusa ndoo ya jirani kwa mbali. Honi ya bodaboda ikalia upande wa Ndia Kuu, akarudi mbio hadi uvunguni mwa kitanda. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari nzima. Siku ya pili alifika kwenye ndoo.