Kuhamia ndani ya gari kwa muda: yanayosemwa na yaliyopo

Anayejenga Mukono na amechoka kulipia chumba Kireka, aliyepata kazi ya miezi michache Hoima, anayetaka kuizunguka Uganda kabla mtoto hajaanza shule: wote siku hizi huitupia jicho Hiace kuukuu na kujiuliza kama haiwezi kuwekwa kitanda. Inawezekana. Shida ni kwamba karibu kila mtu huanza na gari, ilhali swali la kwanza ni kiwanja: usiku litasimama wapi, na kwa idhini ya nani?

"Hayo ni maisha ya wazungu."

Waulize madereva wa malori kwenye foleni za mpakani Malaba na Elegu. Wanalala kwenye kabini, wanaoga kwa ndoo, na hakuna anayewapiga picha. Mzungu wa Land Cruiser yenye hema juu ya paa yuko likizo, na nyumba yake kwao inamngoja. Huyo si wa kumwiga wala wa kumcheka. Anafanya jambo jingine kabisa.

"Nikiacha kulipa pango, hela inabaki mfukoni."

Chukua kalamu. Tuseme lita ya petroli ni shilingi 5,000 na Hiace yako inakula lita 11 kwa kilomita 100. Kwenda Kabale kutoka Kampala na kurudi ni zaidi ya kilomita 800, yaani mafuta ya shilingi 440,000 na ushei. Katika vitongoji vingi vya Kampala hiyo ni kodi ya mwezi ya muzigo, yaani chumba cha kupanga, wa maana. Bado hujagusa matairi, bima, betri, godoro la kukatwa kwa vipimo na fundi atakayerudi mara tatu kurekebisha droo. Gari la kuishi huokoa fedha likisimama mahali pamoja kwa miezi. Ukitaka kuzunguka, zunguka, ila usiite hiyo kubana matumizi.

Na kuagiza kutoka Japani gari kuukuu lililokwisha kutengenezwa kwa ajili ya kulala? Tangu sheria ya barabara iliporekebishwa mwaka 2018, gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu kuundwa haliruhusiwi kuingizwa nchini. Magari makuukuu ambayo hayajafikia umri huo huongezewa ushuru wa mazingira. Kwa wengi ni nafuu kununua Hiace iliyokwisha sajiliwa hapa, kung'oa viti na kwenda Katwe kwa chuma na Ndeeba kwa mbao. Mwambie seremala atumie mbao nyepesi, maana wetu hupenda kitanda cha kudumu vizazi vitatu. Maji nayo yana uzito wake: lita 100 ni kilo 100, na tangi hilo likiwekwa juu ya paa utalihisi kwenye kila kona ya kupanda Kapchorwa.

"Uzuri wa gari ni kwamba unaegesha popote."

Hapa ndipo mipango mingi hufia.

Kwanza, gari lenyewe. Hiace yenye vioo vyeusi watu huiita droni, na kuelekea uchaguzi wa 2021 jina hilo lilivuma kwa sababu ya visa vya watu kukamatwa na kupakiwa ndani yake wasijulikane walikopelekwa. Sasa egesha gari la namna hiyo saa nne usiku kwenye kichochoro cha Bwaise, uzime taa, ukae ndani kimya. Wewe unasoma kitabu. Jirani anampigia simu mwenyekiti wa kijiji. Watu hawana kosa kuogopa. Kwa hiyo acha vioo viwe vya kawaida, faragha iletwe na pazia, namba za gari zionekane, na ufike mchana watu wakikuona.

Pili, huyo mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Mtu wa kupanga chumba huletwa na mwenye nyumba. Wewe utajileta mwenyewe. Nenda ukamwamkie kabla hujalala usiku wa kwanza, ukiwa na kitambulisho, umweleze unakaa kwa nani na kwa muda gani. Si adabu tu. Barua ya LC1 huombwa benki na kwenye ofisi nyingi, na asiye na kijiji anachofahamika hana wa kumwandikia.

Tatu, hifadhi za taifa si maegesho ya bure. Kiingilio cha UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, huhesabiwa kwa saa 24, kambi hulipiwa kando, na unalala mahali palipotengwa tu. Wiki nzima Ziwa Mburo ni raha, lakini ni raha ya kulipia kila siku.

Kinachofanya kazi ni cha kawaida mno: ua wa ndugu au rafiki wenye geti, kiwanja chako mwenyewe chenye mlinzi, au kambi za wasafiri za Jinja, Entebbe na Bunyonyi, ambako ukiomba bei ya mwezi mara nyingi watakusikiliza.

"Jua la ikweta litaendesha kila kitu."

Litaendesha mengi, ila si kila kitu. Friji ndogo ya volti 12 inayovuta wati 45, ikifanya kazi nusu ya muda, humaliza wati-saa 540 kwa siku. Betri ya madini ya risasi ya volti 12 na 100Ah (ampea-saa 100), usipoishusha chini ya nusu ili isife mapema, hukupa kama wati-saa 600. Friji peke yake imeimaliza. Paneli ya wati 200 iliyolazwa juu ya paa, jua likiwa zuri, inaweza kurudisha kama 750. Basi friji, taa na simu vinakwenda. Birika la umeme na pasi, sahau. Halafu kuna mtego: ukiegesha chini ya mwembe upate ubaridi, paneli imelala njaa.

Ubaridi huo utautaka, kwani bodi ya bati iliyopigwa na jua hugeuka tanuri. Kabale, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, utalilia blanketi. Kwingineko utafungua madirisha, na mbu wa malaria wataingia. Neti ipimwe pamoja na kitanda, isije kuwa wazo la baadaye.

"Mvua ikinyesha nitaingiza sigiri ya mkaa ndani, niache dirisha wazi kidogo."

Usifanye hivyo hata mara moja. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Mtu husinzia na haamki. Upenyo wa dirisha hautoshi, na makaa yanayoonekana kufifia bado yanaitoa. Pika nje chini ya turubai. Ukitumia gesi, mtungi ukae kwenye sanduku lenye tundu chini linalotokea nje, maana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama sakafuni, pale pale unapowashia kiberiti.

"Choo? Tutaona mbele ya safari."

Mbele ya safari utaona kituo cha mafuta kilichofungwa saa saba usiku. Choo cha kubeba kinahitaji pa kumwagwa, na hapo unarudi tena kwa mwenye kiwanja. Kwa anayejenga, mpangilio ni huu: chimba choo, vuta maji ya bomba ya shirika la National Water, jenga banda la kuogea, halafu leta gari. Asiye na kiwanja wala ndugu mwenye geti aendelee na muzigo wake wa Kireka, na Hiace aikodi wakati wa likizo.