Kwa nini muziki wa gemu humtia mchezaji mzuka?

Zima sauti ya gemu unayoipenda, halafu icheze kwa dakika tano tu. Maadui ni wale wale, vitufe ni vile vile, lakini mchezo umepooza. Sauti imeondoka na nini?

Turudi Japani, mwaka 1978. Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito alitengeneza Space Invaders, gemu ambamo viumbe wa angani hushuka kwa safu huku wewe ukiwatungua kutoka chini. Muziki wake ni nota nne tu, nzito, zinazorudiwa bila kuchoka: du, du, du, du. Kadiri unavyowapunguza viumbe, ndivyo waliobaki wanavyokimbia, na nota hizo nazo hukimbia. Mbio za viumbe zilitokana na unyonge wa mashine yenyewe, kwani wakiwa wengi, prosesa, yaani ubongo wa mashine, ilichelewa kuwachora, na wakipungua, ikapata nafuu. Nishikado aliona jambo hilo linaunogesha mchezo, akaliacha. Akibaki kiumbe mmoja, mdundo unakwenda kama moyo wa mtu anayefukuzwa, na wa kwako unaufuata.

Hapo ndipo muziki wa gemu unapoachana na wa filamu. Mtunzi wa filamu anajua mlango utafunguliwa dakika ya ngapi. Wa gemu hajui. Mmoja atavuka daraja kwa sekunde kumi, mwingine atazubaa pale nusu saa akitafuta njia. Kwa hiyo muziki hauna budi kumfuata anayecheza. Nadhani sisi tunaosema Kiswahili tunalielewa hili upesi, maana kwetu gemu huchezwa na ngoma huchezwa. Na kwenye ngoma, mpigaji hodari hamwachi mchezaji. Akimwona amekolea, anakaza mdundo, na mdundo ukikazwa, mchezaji anazidi kupagawa. Gemu nzuri hufanya vivyo hivyo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote umo kwenye Super Mario Bros. ya mwaka 1985, ambayo muziki wake ulitungwa na Koji Kondo kwa mashine yenye njia tano tu za sauti. Hesabu ya muda uliobaki ikishuka hadi 100, kinasikika king'ora kifupi, kisha wimbo ule ule unarudi kwa kasi. Saa ya gemu haijabadili mwendo hata kidogo. Kilichobadilika ni wimbo, lakini ghafla vidole vinakosea na unatumbukia kwenye shimo ambalo dakika moja iliyopita uliliruka bila wasiwasi.

Mwaka 1991 Michael Land na Peter McConnell wa kampuni ya gemu ya LucasArts walikwenda mbali zaidi. Mfumo wao, iMUSE, uliusubirisha muziki mpaka mahali panapofaa, ndipo ukahama kutoka wimbo mmoja hadi mwingine bila kukatika. Siku hizi ni kawaida muziki kutungwa kwa matabaka: zeze peke yake ukiwa salama, ngoma zikaongezwa adui akikaribia. Jicho huona kilicho mbele tu, sikio husikia pande zote. Ndiyo maana mchezaji mzoefu hujua ameingia hatarini kabla hajamwona yeyote.

Wakati mwingine, hata hivyo, muziki haumfuati mchezaji, unamngoja. Gemu ya Civilization IV, iliyotoka mwaka 2005, hufunguka kwa “Baba Yetu”, Sala ya Bwana kwa Kiswahili, iliyotiwa muziki na Mmarekani Christopher Tin. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kuipata. Hujajenga mji, hujapigana vita, uko kwenye ukurasa wa kuchagua tu, na tayari kwaya imekufanya uhisi kwamba historia ya binadamu imewekwa mikononi mwako. Mimi huwa sibonyezi chochote mpaka wamalize kuimba.